Nimefunga msimu na kigimbi kibovu

Kwanza niwajibu wote mnaoniuliza, wa WhatsApp, wa sokoni, na wewe uliyenipigia kelele kutoka kwenye bajaji pale Chumbageni: ndio nilishiriki ile triathloni yetu ya kufunga msimu na kigimbi changu kilichochanika, ndio nilimaliza, na hapana sikubebwa na gari la wagonjwa kama ilivyotangazwa kwenye kijiwe cha kahawa cha mtaani kwetu. Ila nilitembea. Nilitembea sana yani, kwenye zile kilomita za mwisho kuna baba alinipita anasukuma mkokoteni wa madafu na akanipa pole.

Sasa kwa mliochelewa kufika, triathloni ni kuogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia, na saa haisimami hata wakati unahangaika kufunga kamba za raba. Ya kwetu hii ya kufunga msimu ni ile fupi wanaita sprinti, mita 750 za maji, kilomita 20 za baiskeli na 5 za miguu, nusu kamili ya ile ya Olimpiki ambayo ni mita 1,500, kilomita 40 na kilomita 10, ilianza kuchezwa Olimpiki kule Sydney mwaka 2000. Juu ya hapo kuna Ironman, unaogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, halafu ndo unaanza marathoni nzima. Hiyo tuwaachie wenyewe. Sisi ni kikundi tu cha watu wa jogging wa hapa Tanga na wageni wachache wa Dar, Arusha na Mombasa, hatuna mdhamini wa maana, medali zenyewe zilikwama kwenye basi zikafika watu washaanza kula.

Kigimbi kilichanika kwenye mazoezi ya kawaida kabisa ya jioni, nakata kona kuelekea Bombo, sikuwa hata na spidi. Nikasikia pa! nyuma ya mguu wa kushoto, kama mtu kanirushia jiwe, na kweli nikageuka na hasira zangu kumtafuta aliyerusha nikakuta watoto wawili wamekaa ukutani wanakula ubuyu hawana habari na mimi. Nikapiga hatua moja, ya pili mguu ukagoma. Fizio wangu, yule mtaalamu wa tiba ya mazoezi, baadaye alicheka sana, akasema karibu kila anayechanika kigimbi anakuja na mrusha mawe wake, wengine wanaapa wamepigwa teke, wengine wamegongwa na mpira, wanageuka nyuma hakuna mtu.

Alinieleza hivi. Ule msuli wa juu wa kigimbi, huo unaojitokeza ukisimama kwa vidole, una vichwa viwili na umeanzia juu ya goti ukaishia kisiginoni, kwahiyo unavuka viungo viwili, goti na kifundo. Goti likiwa limenyooka na unyayo umekunjika kwenda juu msuli unavutwa huku na huku, na muda huohuo wewe unautaka ukusukume mbele, bas hapo ndo unapoachia, na mara nyingi ni kichwa cha upande wa ndani. Wangu ulichanika sehemu tu, haukukatika wote alhamdulillah. Ila kabla ya yote daktari alinipiga ultrasaundi, maana kigimbi kilichovimba na kuuma kinaweza pia kuwa damu imeganda kwenye mshipa na hiyo ni habari nyingine kabisa, hiyo inaua. Kwahiyo wewe unayesoma hapa na kigimbi chako kimevimba ghafla bila sababu usikae unajipaka mafuta, nenda kapimwe.

Mafuta sasa. Naishi na shangazi yangu Ngamiani, na shangazi ana chupa ya mafuta ya nazi aliyochemsha na karafuu na vitunguu saumu, chupa hiyo imetibu ukoo mzima na majirani. Siku ile nimerudi nachechemea, kabla sijakaa maji ya moto yako jikoni na chumvi ishatiwa. "Lete huo mguu nikukande." Nikamwambia shangazi nisamehe, hospitali wamesema siku hizi za mwanzo hakuna kukanda hakuna kuchua, ndani kumechanika damu bado inavuja, ukitia joto na kuminya unaiongeza. Nifunge bandeji, nilaze mguu juu ya mto, nitembee kidogo kidogo kwa kadri usivyouma. Akaniangalia. "Mguu haukukandwa utaponaje huo?" Akanuna mpaka magharibi, chakula kikaja bila maneno. Tulikuja kupatana uvimbe ulipoisha, fizio akasema sasa kuchua taratibu ruksa, nikamfikishia shangazi salamu hizo neno kwa neno na kuanzia hapo kila baada ya isha ilikuwa mguu wangu na ile chupa, na mpaka leo anawaambia watu ni mafuta ndo yamenisimamisha. Simbishii, nakula kwake.

Lakini kazi yenyewe, niseme ukweli, ilifanyika kwenye ngazi ya barazani. Unasimama ukingoni kwa ncha za vidole, unachuchumia juu, unashuka polepole mpaka kisigino kinapita chini ya ngazi, unapanda tena. Kwanza miguu miwili, ukizoea mguu mmoja, ukizoea na huo unavaa begi lenye mfuko wa mchele mgongoni. Masharti ya fizio ni kwamba mguu mbovu ufike 25 zilizonyooka sawa na mwenzie, halafu nirukeruke kwa mguu mmoja bila maumivu, ndo aniruhusu kukimbia hata mpaka dukani. Msimamizi alikuwa shangazi, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi na ananihesabia, na hesabu yake ilikuwa inafuata nazi haifuati mguu wangu. Akifika kumi na nne akiona kipande cha kifuu kimedondokea kwenye sinia anasimamisha kila kitu, anakitafuta, mi niko juu kwa vidole natetemeka namwambia shangazi endelea basi. "Subiri, kuna kifuu humu, utavunjika na meno tena." Kisha anaendelea na kumi na mbili.

Mbio nikawa nakimbilia baharini. Hii ni njia ya kweli wanaitumia hata wakubwa wa riadha, unaingia maji marefu ambayo miguu haigusi chini na unakimbia humohumo, mikono na magoti kama uko barabarani, moyo na mapafu vinapata kazi yake lakini kigimbi hakibebi uzito wa mtu. Wenye pesa wana mikanda maalumu ya kuelea, mimi nilifunga chupa tupu za maji kiunoni kwa kanga. Nikawa naenda Raskazone maji yakijaa, na siku ya kwanza ngalawa iliyokuwa inaingia ilipindisha njia ikanijia mbio, kijana wa mbele akauliza dada unazama au unafanya nini. Nikamjibu nafanya jogging. Wakaangaliana. Baada ya hapo kila wakipita wananipigia makofi.

Tena mnajua mchezo huu ulianza hivohivo? San Diego huko Marekani, mwaka 1974, klabu ya wakimbiaji walikuwa wanatafuta mazoezi ya kubadilisha wasikae wanazunguka uwanja tu, wakaandaa shindano la kukimbia, baiskeli na kuogelea pale Mission Bay tarehe 25 Septemba, wakaja watu 46. Kwahiyo tangu kuzaliwa kwake triathloni ni mapumziko ya watu waliochoshwa na mbio. Nilipoisoma hiyo nilijisikia vizuri sana na zile chupa zangu.

Tarehe ya shindano ilipokaribia nikamwendea fizio kumuuliza kama naweza kushiriki. Nilitegemea aseme hapana ili niende nyumbani nikalie vizuri, nimemlaumu mtu. Hakusema hapana. Alichukua kadi yangu ya kliniki akaigeuza nyuma akaandika. Majini miguu iburuzwe tu, kazi ifanye mikono. Kutoka majini ni kutembea, mchanga ndo adui namba moja maana kisigino kinazama na kigimbi kinavutika kuliko barabarani. Baiskeli hakuna kunyanyuka kwenye kiti, na pedeli ikanyagwe kwa katikati ya unyayo sio kwa vidole, hapo kigimbi kinapunguziwa kazi. Mbio ni dakika 4 kukimbia 1 kutembea, na hiyo inaanza dakika ya kwanza kabisa, sio mguu ukishaanza kuuma ndo ukumbuke. Maumivu yakizidi 3 kwenye 10 unatoka. Na mwisho kabisa akapigia mstari mara mbili: hakuna kuchomoka kwenye mstari wa kumalizia. Akanirudishia kadi akasema kama unaona huwezi kutembea watu wanakuangalia, usiende.

Hilo la mwisho nililala nalo. Maana mi naamini wengi wanaojitonesha sio kilomita zinazowatonesha, ni watu. Ukiwa peke yako Mwambani saa 12 asubuhi unausikiliza mguu vizuri tu, ukisema simama unasimama. Weka spika, weka emsii, weka mtu unayemjua amekushinda mwaka jana yuko mita 10 mbele, uone kama huo mguu utasikilizwa.

Nikaenda pia kwa fundi viatu wa kule kwetu, nikamwomba anikatie vipande vya kuinua kisigino kidogo ndani ya raba, kisigino kikiinuka kigimbi hakivutwi mpaka mwisho. Akachukua kandambili kuukuu akaichonga kwa kisu kama mtu anamenya embe, upande wa nyuma nene kama kidole, upande wa mbele imeisha kabisa haina hata ukingo, akakwangua na msasa, akaweka ndani ya raba akapitisha kidole kuona kama kuna sehemu inakwaruza. Na akatengeneza vya miguu yote miwili bila kuambiwa. "Ukiinua mmoja nyonga itakuja kukudai." Fundi viatu huyo, hajasoma kadi yangu.

Siku yenyewe sasa. Waandaaji walipanga tarehe kwa mwezi, na hapa nawasifu kwa dhati, maana bahari yetu hii haina utani. Siku ya mwezi mpevu maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kukupwa sana, yanajaa kama saa 10 alfajiri, halafu kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwahiyo siku tatu baada ya mwezi mpevu ndo unayapata yamejaa saa 12 na nusu watu washaamka na jua halijawa kali. Ukikosea hesabu hiyo unawaita watu waje kuogelea kwenye tope, boya limelala upande na kaa wanazunguka. Waokoaji walikuwa wavuvi na ngalawa zao, maboya ni madumu ya njano yamefungwa mawe. Na maji ni ya uvuguvugu, zile nguo za mpira wanazovaa Ulaya ukivaa hapa unaiva.

Nilisimama nyuma kabisa ya kundi, nina nguo yangu ya kuogelea ya mikono mirefu na kilemba chini ya kofia, kidogo inavuta maji lakini nimeizoea. Hapo Raskazone kila nikisimama nawakumbuka wale wanajeshi wa Uingereza waliotolewa India, Novemba 1914, walishushwa kwenye fukwe hizihizi wamechoka na wiki kibao za meli, wakaenda mjini wakakutana na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na juu yake nyuki, siku chache tu wakarudi kwenye meli zao mbio. Sisi angalau tulianzia majini na tulikuwa tumekunywa chai.

Filimbi ikalia. Mita mia za kwanza ni vurugu, visigino na viwiko, ukitulia nyuma unakwepa. Nikaburuza miguu kama nilivyoambiwa na ni kazi ngumu kuliko unavyodhani, mwili umezoea kupiga teke, kila nikisahau mguu unaanza wenyewe. Baada ya boya la pili kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini, ikaanza kutikisa maji kidogo, jua linanipiga jicho la kulia, na nikasikia kigimbi kinaanza kukaza. Sio kuchanika, ni kule kubana, ukinyoosha vidole muda mrefu msuli unajikunja halafu unasahau kufunguka. Nikashika ngalawa. Sheria inaruhusu, unaweza kushika ukapumua mradi usivutwe mbele. Nikakunja unyayo kuelekea usoni, nikahesabu taratibu, ukaachia. Kijana wa ngalawa, yule yule wa unazama au unafanya nini, akashika kamba tayari kunisogeza, kwa upendo kabisa, nikamwambia kaka yangu ukinivuta natolewa. Akaachia kamba kama imemuunguza.

Kutoka majini ndo mtihani wa kwanza. Watu wote wakifika kwenye mchanga wanachomoka, ni kawaida, kuna mashabiki, kuna simu zinarekodi. Na mimi nilitoka na wadada wawili bega kwa bega, mmoja wa Dar ambaye msimu huu tumepokezana, anishinde nimshinde. Wao wakachomoka. Mimi nikatembea. Unyayo wote chini, hatua fupi, maji yanachuruzika. Emsii akashika spika: "Na huyu dada wa kofia nyekundu vipi, anaenda gengeni?" Watu wakaangua kicheko na mimi nikacheka meno tu, ndani moto unawaka. Mchanga ule hauzidi hatua arobaini lakini ulikuwa mrefu kuliko bahari niliyotoka kuogelea. Nikamuona yule dada wa Dar anavaa helmeti, anaondoka, mi bado natembea.

Pale pa kubadilishia sina stori kubwa, unafunga helmeti kwanza ndo unagusa baiskeli, ukigeuza utaratibu unapewa adhabu, kuna mgeni mmoja alirudishwa. Raba zangu nilizivaa kwa kukaa chini kabisa kama mtu yuko msikitini.

Njia ya baiskeli ilikatiza mjini kabla magari hayajaamka ikatokea barabara ya Horohoro, ile inayokwenda mpaka wa Kenya, unageuzia kabla hujafika njia ya Mapango ya Amboni. Kwenda ni kaskazini kwahiyo kaskazi yote usoni. Gia nyepesi, miguu inazunguka haraka haraka bila nguvu, makalio kwenye kiti. Kuna sehemu barabara inainuka kidogo tu, mwili ukanyanyuka wenyewe, nikajikalisha kama unavyomkalisha mtoto kwenye daladala. Na Tanga baiskeli ni usafiri jamani, mnasahau, hapa mtu anaenda kazini na baiskeli, anapeleka samaki na baiskeli, anaposa na baiskeli. Kwahiyo nikiwa kwenye ule mwinuko akanipita mzee na baiskeli yake kubwa nyeusi, nyuma tenga la samaki limefunikwa gunia, kanzu imekunjwa kiunoni. Nikamsalimia. "Shikamoo babu." "Marhaba mwanangu, mnafukuzwa na nani?" Na akaenda zake. Wenzangu wa mbele walikuja kuniambia na wao aliwauliza hivohivo.

Kurudi upepo ukaja mgongoni na hapo nilifaidi. Waliotumia nguvu zote wakati wa kwenda walikuwa wameisha, nikawapita kadhaa nimekaa kwenye kiti kama malkia, na jamaa mmoja mwenye baiskeli ya bei ya kiwanja alikuwa pembeni na pancha anatukana kwa kiingereza. Wanafunzi waliokuwa kwenye baiskeli zao wakatusindikiza mpaka karibu na mjini, wanaachia usukani kutuonyesha. Namkaribia dada wa Dar, namwona mgongo wake.

Kisha mbio. Ukishuka kwenye baiskeli miguu inakuwa sio yako, misuli bado inazunguka pedeli na wewe unaitaka ipige hatua, hilo ni kwa kila mtu hata awe bingwa. Nikaweka saa yangu inipigie kila dakika 4 na kila 1. Njia ni kutoka Raskazone kufuata barabara ya pwani mpaka Bombo na kurudi, unapita lile jengo la hospitali la zamani la Wajerumani limesimama juu ya genge linaangalia bahari, miti mikubwa, kivuli, kisha kivuli kinaisha. Ilikuwa inakaribia saa 2, joto la mvuke lile la Desemba, nguo imeganda mwilini.

Dakika 4 za kwanza nilisikia raha nikaona mguu uko vizuri kabisa, na saa ikalia tembea. Yani huku mguu hauumi. Hapo ndo nilielewa kwanini alipigia kelele dakika ya kwanza. Kujizuia ukiwa unaumia sio kazi, maumivu yanakusaidia. Kujizuia ukiwa mzima, miguu inataka, pumzi ipo, mtu wako yuko mbele pale, hiyo inachosha kuliko mbio zenyewe na sijawahi kufundishwa mahali popote. Nikatembea. Ndo hapo baba wa madafu akanipita na mkokoteni. "Pole dada, jikaze." Nikamwambia sijachoka baba, ni ratiba. Akasema aaah, kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Ikawa hivo mpaka Bombo na kurudi, nakimbia nawapata watu, natembea wananipita, kuna kaka wa Arusha tulipitana mpaka tukaanza kusalimiana kwa majina. Kigimbi kilikuwa kinaongea, 2 labda, ile hali ya kamba iliyovutwa kidogo, haikupanda. Na dada wa Dar kakata pumzi, baiskeli imemmaliza, anaburuza miguu. Kilomita ya mwisho yuko kama mita 60, kisha 40. Kila dakika zangu 4 namkata, kila moja yangu anaongeza. Ukipiga hesabu unaona kabisa nampata mwishoni, iko pale, emsii ameshatuona na anapandisha watu mzuka, "jamani angalieni hawa, angalieni dada wa gengeni amerudi!"

Bendera naiona. Mita mia na kitu. Saa ikalia tembea.

Kwakweli mkono ulienda kuizima. Watu wanapiga kelele kimbia kimbia kimbia, wale wavuvi wamepanda juu ya ngalawa wanapiga makofi, na katikati ya kelele zote hizo ikapenya sauti moja ninayoijua kuliko adhana ya mtaani kwetu: "TEMBEA! Tembea we mwana, tembeaaa!" Shangazi. Nilimuacha nyumbani anasema haji kuona watu wazima wanaoga hadharani, kumbe amekodi bajaji, amesimama mbele kabisa kwenye kamba, kanga kichwani na bakuli mkononi, anamkaripia emsii amwache mtoto wake. "Anatembea ana dawa huyo! Usimharakishe!" Emsii akanyamaza kimya. Mimi nikatembea. Dada wa Dar akavuka, akageuka, akaniona nakuja mdogo mdogo kama bi harusi akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Saa ikalia tena nikiwa nimebakiza hatua chache, nikavuka kwa mbio za heshima tu.

Nilikuwa wa nne kutoka mwisho kwa wanawake. Tulikula pale pale chini ya miti, machungwa ya Muheza, mihogo, na shangazi kwenye bakuli alileta samaki wa kupaka kamuwekea na yule dada wa Dar, wakakaa pamoja wananisema. Shangazi akauliza hivi kumbe kutembea ruksa? Nikamwambia kutembea ruksa, kutambaa ndo marufuku kwenye sheria za sasa. "Na nani atatambaa?" Nikamsimulia habari ya Julie Moss, Hawaii mwaka 1982, anaongoza Ironman miguu ikamuisha karibu na mwisho, akaanguka, akaamka, akaanguka, akatambaa mpaka mstarini na akapitwa pale pale na Kathleen McCartney, dunia nzima ikamuona kwenye televisheni. Shangazi akatafuna kwanza. "Hana mama huyo?"

Fizio aliniambia mguu hautoi jibu siku ile, jibu linakuja baada ya kulala. Asubuhi yake nikashusha miguu kitandani kwa adabu. Ulikuwa umekakamaa, hatua za mwanzo mpaka uani nilienda kama mtu anayekanyaga misumari, nikiwa narudi na kata ya maji tayari umelegea. Nikaenda kliniki, akabonyeza kwa dole gumba pale palipochanika, akabonyeza pembeni, akaniambia chuchumia, nikachuchumia, safi mpaka kwenye ishirini na kitu ndo ukaanza kutetemeka. Akasema wiki moja hakuna mbio, baada ya hapo tunaendelea na ngazi na begi la mchele mpaka msimu mwingine uanze. Nikauliza mpaka msimu mwingine wote? Akasema wote.

Halafu akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayenunua dawa ya aibu, eti zile mita 750 mtu asiyejua kuogelea kabisa anaweza kujifunza kwa muda gani, maana aliziona picha na mwakani anataka kuingia. Mtoto wa Handeni huyo, bahari anaijua kwa kuitazama. Nimemwambia aje Raskazone Jumamosi maji yakijaa, chupa tupu nitamletea mimi, na ada yake ni anipunguzie ngazi. Chupa amekubali. Ngazi amekataa.